Siku Niliyompa Wilf Kadi Yake

Kwetu Ramsclough, mji wa viwanda vya pamba, mtu hafukuzwi kazi. Tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa mji huu akisema "nimefukuzwa". Atasema amepewa gunia, au amepewa buti, au ameonyeshwa barabara. Wengine wanasema wamepigwa shoka. Wanaume wa banda la kufumia walikuwa wakisema "wamenimaliza", kisha wanakaa kitako wanaagiza bia, nawe unawatazama unawaona wazima wa afya. Sisi wa ofisini tulikuwa na letu, lenye adabu kidogo: fulani amepewa kadi zake. Lakini ukiyakung'uta yote hayo, ni kumwaga unga tu.

Kadi zenyewe nilikuwa nazo mimi. Hilda Ormerod, karani wa mishahara, miaka ishirini na sita nyuma ya kidirisha kimoja cha kioo. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yake ya bima ya serikali, na kadi hiyo ilikaa kwetu, kwenye droo ya chuma, kila wiki naibandika stempu ya mchango wake. Mtu akiondoka kazini moja kwa moja, anaondoka nayo. Kwa hiyo ukimwona mtu anatoka getini saa nne asubuhi na kadi mkononi, huulizi kitu. Unamsalimia na kupita.

Sasa, kulikuwa na mchezo, na mkiuelewa huo mtaelewa yote. Wanaume wetu wakikasirika hawakupigana. Walikuja dirishani kwangu kudai kadi. "Nipe kadi zangu, naondoka." Maana yake haikuwa kwamba anaondoka. Maana yake ni kwamba msimamizi amemkosea na anataka watu wote wajue. Meneja wetu wa zamani, mzee Crabtree, aliujua mchezo huo toka utoto. Alikuwa anachungulia mlangoni na kusema, "Hilda, mtafutie bwana huyu kadi yake," na mimi naanza kutafuta. Natafuta Jumatatu, natafuta Jumanne, droo imekwama, ufunguo haupo. Ikifika Ijumaa mtu ameshasahau alichokuwa anakikasirikia, anachukua mshahara wake na kunikonyeza. Hakuna aliyetufundisha. Ndivyo tulivyoishi.

Na aliyeupenda mchezo huo kuliko wote alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, Wilf. Nilimzidi miaka sita, na nusu ya malezi yake niliyafanya mimi. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, mashine sitini chini ya mkono wake, fundi kwelikweli, na kichwa kibovu kweli. Alidai kadi kwa sababu ya dirisha lililovunjika. Alidai kadi aliponyimwa ruhusa ya kwenda kupiga tarumbeta na bendi yake. Mara kumi na moja kwa hesabu yangu, na mara zote kumi na moja nilimtafutia nikakosa.

Wilf na mkewe Edith walikaa katika nyumba ya kiwanda, Mtaa wa Weir. Edith alikuwa amefuma tangu ana miaka kumi na minne, na vumbi la pamba lilikuwa limemkaa kifuani. Kufikia mwaka wa sabini na moja hakuweza tena kupanda ngazi. Wilf alimshushia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha, na mlango wa chumba hicho unafungukia barabarani, kwa hiyo siku nzima watu walipita wakimgongea kioo na kuingia kumpa umbea. Ile nyumba ndiyo ilikuwa pumzi ya Edith. Daktari mwenyewe alisema hivyo, msinitazame mimi. Na sheria ya nyumba za kiwanda kila mtu aliijua: ukiacha kazi kwa hiari yako, unapewa siku ishirini na nane, kisha funguo mezani.

Majira ya kuchipua mwaka huo kampuni moja ya London ilikinunua kiwanda chetu, ikatuletea meneja wake, Bwana Tansley. Miaka thelathini na miwili, viatu safi, sauti ya chini. Huyu hakuwahi kutamka gunia wala buti. Alikuwa na neno lake: kuwaachia watu waende. Eti tunawaachia waende, kana kwamba walikuwa wanavuta kamba wakitaka kutoka na sisi tumewashika miguu. Lile neno lilinichukiza tangu siku ya kwanza. Mtu anayekupa gunia angalau anajua kuwa amekupa gunia.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi aliniita, akafunga mlango. Akanieleza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo wataliachia liende banda zima la pili. Watu themanini na watatu. Niziandae kadi zao, nizipange, nizitie kwenye bahasha, na nisimwambie mtu yeyote. Kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi kwamba nitanyamaza, nikatia. Jina la Wilf lilikuwa la nne kwenye orodha. Kisha nikasoma chini: wapangaji wa nyumba za kiwanda watakaopunguzwa siku hiyo watabaki katika nyumba zao maisha yao yote, kwa kodi ileile. Nikashusha pumzi. Wilf angepoteza kazi, lakini Edith angebaki na chumba chake na dirisha lake. Nikajiambia, Hilda, siku kumi tu. Jikaze.

Nilijikaza. Lakini hamjui ilivyo kuwaonyesha watu uso mkunjufu kila siku wakati kadi zao umeshazipanga. Wanawake walinipitia dirishani wakiniambia habari za arusi za watoto wao na makochi waliyokopa, nami natabasamu. Sikulala vizuri. Nilikuwa mkali kama pilipili, na aliyenisemesha nilimjibu vibaya.

Jumatano ya wiki ile ya pili, siku mbili kabla, Tansley akaondoa birika kubwa la maji ya chai lililokuwa bandani tangu enzi za baba yangu. Mahali pake akaweka mashine. Unatia senti, inakutemea kikombe cha kitu cha kahawia chenye ladha ya supu. Banda zima lilinuna. Na Wilf, bila shaka, akavua aproni yake na kuja dirishani kwangu, na kundi la watu nyuma yake waje watazame.

"Nipe kadi zangu, Hilda wetu. Sinywi uchafu ule."

Nikamwambia droo imekwama, arudi Ijumaa. Kwa kawaida yangeishia hapo. Lakini mlango wa Tansley ulifunguka, naye akasimama pale akisikiliza, na Wilf alipomwona hasira zikazidi kumpanda. Akasema droo hiyo imekwama mwaka wa ishirini sasa, iitwe fundi. Watu wakacheka. Nikainama karibu na kioo nikamwambia kwa upole, Wilf, nakuomba, nenda kanywe chai.

Chai, jamani. Katika maneno yote duniani.

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Halafu akafanya jambo ambalo wafumaji hufanya. Kule bandani mashine zinapiga kelele mpaka sauti ya mtu haisikiki, kwa hiyo watu wetu huzungumza kwa midomo tu, na sisi sote tunaisoma kama barua. Wilf akasogeza uso wake mpaka kwenye kioo, akaniambia bila kutoa sauti, neno kwa neno, taratibu.

"Mama alikufa akikuita, na wewe ulikuwa hapa unawalambia stempu zao."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa Ijumaa ya mshahara, miaka kumi na tatu nyuma. Waliniletea habari saa nne asubuhi, nami nikasema nimalize bahasha kwanza. Niliondoka saa sita. Wilf hakuwahi kulitaja hilo, hata siku moja, na mimi nilidhani amenisamehe. Wanawake wawili waliosimama pembeni waliisoma midomo yake pia. Niliwaona wakiangalia chini.

Nikavuta droo. Haikuwa imekwama. Nikatoa kadi ya nne, nikaipitisha chini ya kioo.

"Haya. Kadi yako hiyo."

Aliitazama pale kaunta. Alikuwa ananisubiri nicheke. Sikucheka. Akaichukua polepole, kwa vidole viwili. Kule mlangoni Tansley akasema, kwa adabu zake zilezile, "Andika ameacha kwa hiari yake, Bi Ormerod." Nikaandika.

Nataka mnisikie vizuri hapa. Sikupitiwa. Sikusahau. Nilipoivuta ile kadi niliijua Ijumaa, niliijua nyumba, na nilimjua Edith kitandani mwake. Nilitaka imuume kama alivyoniuma. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na nimekaa nalo mpaka leo nina miaka themanini na moja.

Haikufika saa tisa hasira zikawa zimeniisha. Nikaenda kwa Tansley, nikamweleza mchezo wetu wote, mzee Crabtree, droo, Ijumaa. Nikasema kosa ni langu. Hakuwa mtu mbaya, nikiwa mkweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kumrudisha mtu kwenye orodha kwa neno la karani, lakini Wilf mwenyewe akiileta kadi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, akamkabidhi mkononi na kuomba kurudi, basi karatasi ile ya kuacha kazi ataichana na jina litabaki lilipokuwa. Ila nisimwambie kwa nini. Nikamwambia nimeelewa.

Alhamisi baada ya kazi nikaenda Mtaa wa Weir na pai ya nyama na viazi. Edith alikuwa ameegemezwa mito yake dirishani, na jirani mmoja ndiyo kwanza anatoka. Wilf alikuwa anachochea makaa. Hakunitazama. Kadi ilikuwa mezani, kando ya kopo la sukari. Nikamwambia kwamba meneja yuko tayari kumrudisha, ampelekee kadi tu na aombe.

Alicheka. Akaniuliza kama namtaka ampigie magoti mtoto yule kwa sababu ya mashine ya chai. Nikamwambia umri wake miaka arobaini na tano, viwanda vinafungwa bonde zima, na nyumba je? Akasema suala la nyumba watalizungumza, chama cha wafanyakazi kipo, hakuna mtu aliyewahi kumtoa mgonjwa barabarani Ramsclough. Alikuwa anajipa moyo. Nilimjua.

Ndipo Edith akainua mkono tukamtazama. Sauti alikuwa ameshaanza kuikosa jioni jioni, kwa hiyo alitumia midomo. "Nenda, Wilf. Kwa ajili yangu."

Wilf alimpenda mwanamke yule, siwafichi. Uso ukamlegea. Akaja mezani, akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Halafu akaketi mbele yangu akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Hilda," akasema. "Kuna kitu unakijua? Niambie tu kipo, sikuulizi ni nini. Kikiwepo nitakwenda alfajiri, na magoti nitapiga."

Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ile karatasi ya siri ya Tansley haikunizuia, msije mkadhani. Karatasi ile ningeichoma kwenye makaa ya Wilf bila kufikiri mara mbili. Kilichonizuia ni swali ambalo lingefuata. Leo angeniamini, lakini Ijumaa mambo yakitoka hadharani angehesabu siku, angeniuliza nilijua tangu lini, na ningelazimika kumwambia kwamba nilijua nilipompa. Kwamba niliichukua nyumba ya mkewe nikampitishia chini ya kioo huku najua. Nilimwona akinitazama na sikuweza kuvumilia jinsi atakavyonitazama akishajua.

"Hakuna," nikasema. "Mimi nakushauri tu kama dada yako."

"Basi wakae nayo kazi yao," akasema Wilf. Akasimama, akamuuliza Edith kama anataka pai ipashwe moto.

Ijumaa nilikaa dirishani tangu saa moja. Kila hatua iliyosikika kwenye korido nilidhani ni yake. Saa tano na nusu nilivaa koti langu nimkimbilie, nikafika getini, nikasimama pale kwenye manyunyu, na mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikarudi. Saa sita Tansley akaja akaniomba bahasha. Themanini na mbili.

Siku ile sikumsikia mtu akisema gunia wala buti. Wanaume wazima walitoka na bahasha zao, na mashine za banda la pili zikazimwa moja moja mpaka tukawa tunasikiana tukikohoa. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata wakanifikia na mimi. Kadi yangu niliitoa mwenyewe kwenye droo na kujikabidhi, maana hapakuwa na karani mwingine.

Wengine wote wa nyumba za kiwanda walibaki. Chama kilijaribu kumtetea Wilf, lakini ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri, ameacha kwa hiari yake. Halmashauri ikawapa yeye na Edith fleti kwenye jengo jipya kule juu kilimani, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Wanaume wanne walimpandisha Edith akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni. Nilibeba mito nyuma yao. Kule juu dirisha lilitazama mawingu na paa za gereji, na hakuna mtu anayepita kwenye ghorofa ya tatu akakugongea kioo. Wilf alimpangia shuka, kisha akanivuta kando, akaniomba radhi kwa neno lile la Mama. Alisema halikumtoka moyoni, lilimtoka tu. Alikuwa analia. Nikamshika mkono nikamwambia yamekwisha.

Edith hakushuka ngazi zile akiwa hai. Alimaliza msimu mmoja wa baridi, wa pili ukamshinda, tukamzika Februari.

Baada ya mazishi tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, chai na mikate ya nyama ya nguruwe, watu wa banda la pili karibu wote wamekuja. Jack Pickup, mfumaji mzee aliyekuwa ameshapitia baa, akaanza kusema kwa sauti kwamba ofisi ilijua. Kadi themanini hazipangiki kwa siku moja, alisema. Kuna mtu alikaa nazo wiki nzima, na mtu huyo angefungua mdomo, yule mama leo angekuwa kitandani kwake Mtaa wa Weir. Hakulitaja jina langu. Hakukuwa na haja. Nikasema moyoni, haya, yamefika, na nilikuwa karibu kushukuru.

Wilf akaweka kikombe chake chini.

"Jack, nitakuambia mara moja tu," akasema. "Dada yangu alikuja kwangu Alhamisi ile akanibembeleza nirudi. Nikamuuliza uso kwa uso kama kuna kitu anakijua, na Edith anasikia. Angekuwa anajua angeniambia. Mimi ndiye niliyemtoa mke wangu kwenye nyumba yake, mimi na kichwa changu, kwa kikombe cha chai. Mtu asimseme dada yangu." Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Sivyo, Hilda?"

"Ndivyo," nikasema.

Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Kila Jumapili alikuja kula kwangu, na kila Jumapili, akishakula, aliniambia tena kwamba kosa lilikuwa lake, na mimi nilimwongezea chai.